Ngozi Hufia Nyumbani

Mtu wa Kisumu akirejea kwake jioni, viatu vyake vimelowa kwa mvua ile ya alasiri ishukayo ghafla kutoka upande wa ziwani, aghalabu jambo la kwanza alifanyalo ni kuvivua na kuvisogeza kando ya jiko la makaa, ili asubuhi avivae vikavu. Nia yake ni njema na haja yake ni ya kweli, maana wengi wetu hatuna jozi ya pili ya kwendea kazini. Walakini kwa tendo hilo moja, litendwalo kila masika tangu Kondele hadi Dunga na tangu Ahero hadi Kendu Bay, huangamia ngozi nyingi kuliko zile ziangamizwazo na mawe, matope na mwendo wa miguu.

Nimeishika rai hii kwa muda mrefu na leo nataka kuitetea: kwamba ngozi, iwe ya kiatu, ya mkoba, ya mshipi au ya kiti cha sebuleni, ni nadra kufia njiani au kazini, bali hufia nyumbani, mikononi mwa mwenyewe, kwa kukosa maarifa machache ambayo mtu yeyote aweza kujifunza kwa siku moja, na kwamba, maadamu kifo chake ni cha nyumbani, tiba yake ya kwanza nayo yapasa kuwa ya nyumbani, kabla ya kumpelekea fundi kitu ambacho hata yeye, kwa ustadi wake wote, hawezi tena kukiokoa.

Yafaa kwanza tufahamu ngozi ni kitu gani. Ngozi ya mnyama, ikisha kuchunwa, ni nyuzi ndogo mno zilizosokotana kila upande. Ikiachwa katika hali hiyo huoza kwa unyevu, na ikikauka huwa ngumu isiyopindika. Kazi ya kudabaghi ni kuzishika nyuzi hizo kwa dawa isiyotoka, ili maji yasizioze wala ukavu usizigandishe. Mwambaoni kwetu dawa hiyo ilipatikana katika magome ya mikoko, na shehena za magome hayo kutoka Lamu na Rufiji zilivuka bahari kwenda kuhudumia viwanda vya ngozi vya nchi za mbali. Bara ikapatikana katika magome ya miwati, mti uliotoka Australia ukapandwa katika nyanda za juu za Kenya na kule Njombe. Tangu mwisho wa karne ya 19 chumvi za kromiamu zimeshika nafasi ya magome katika sehemu kubwa ya viwanda vya dunia, kwa kuwa hutimiza kwa siku chache kazi ambayo magome huitimiza kwa majuma na miezi. Baada ya dawa, ngozi hulishwa mafuta, ambayo hukaa baina ya nyuzi na kuziwezesha kuteleza moja juu ya nyingine kila mtu apigapo hatua. Basi ngozi njema ni nyuzi, dawa na mafuta, na karibu kila uharibifu tuuonao ni hitilafu ya kimoja katika hivyo vitatu.

Wapigaji wa ngoma za ohangla wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na mwanakemia yeyote. Ngoma zao zimewambwa ngozi ya kenge, ngozi mbichi isiyodabaghiwa, na kabla ya mchezo huoteshwa moto ili ngozi ijikaze na sauti ipande. Katika ngoma, kujikaza ndiko kutakiwako. Kiatu kilicholowa nacho hutendwa vivyo hivyo na joto la makaa: maji yaliyomo baina ya nyuzi hupata moto, nyuzi husinyaa na kugandana, mafuta yaliyokuwa yakizilainisha hukimbia mahali pake, na zikisha kusinyaa hazirudi tena hata zikipakwa mafuta ya thamani gani. Ila ngoma hukaa vile ilivyowambwa, ilhali kiatu hutakiwa kupindwa maelfu ya mara kwa siku. Na ngozi iliyosinyaa ikipindwa hupasuka pale penye mkunjo wa vidole, naye mwenyewe akabaki akimlaumu muuzaji.

Kuna jambo jingine ambalo latuhusu sisi wa ukingo wa ziwa kuliko watu wengi. Vitabu vya utunzaji wa ngozi, ambavyo vingi vimeandikwa Ulaya na Marekani, huogopa ukavu kuliko kitu chochote, kwa kuwa huko nyumba hupashwa moto miezi ya baridi na hewa ya ndani ikakauka. Kwa sababu hiyo humwamuru msomaji apake mafuta, kisha apake tena, kisha aweke akiba ya kupaka mwezi ujao. Sisi tumekaa kusini kidogo ya Ikweta, takribani mita 1,130 juu ya bahari, kando ya ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,000, na joto letu la mchana halichelewi kuyainua maji hayo na kuyarudisha kwetu kwa njia ya mawingu na hewa nzito. Hasimu wetu mkubwa ni unyevu, na pamoja naye koga, ule ukungu mweupe na wa kijani unaoota juu ya mshipi uliofungiwa kabatini. Koga hula mafuta na uchafu wa jasho. Kwa hiyo mtu aufuataye ushauri wa vitabu vile kwa uaminifu, akaulowesha mkoba wake kwa mafuta kila mwezi na kuufungia ndani ya mfuko wa plastiki ili usipate vumbi, huwa ameandaa karamu ya koga kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu huku ngozi yataka hewa nyingi na mafuta machache. Na laiti ningepewa nafasi ya kubandika sentensi moja ukutani mwa kila nyumba ya Nyanza, ningebandika hiyo.

Tena ziwa lenyewe lina historia ya kutufuata majumbani. Baina ya mwaka 1961 na 1964 maji yake yalipanda zaidi ya mita 2, na wazee wa pwani hii wangali wakisimulia; mwaka 2020 yakapanda tena hadi kiwango ambacho hakikupata kuonekana katika vipimo vilivyotangulia, yakazifukuza jamaa nyingi kutoka Dunga, Nyando na Budalang'i; na masika ya 2024 yakaleta mafuriko mengine. Katika masaibu kama hayo hakuna afikiriaye viatu kwanza, na ni haki. Lakini maji yakisha kupungua na shule zikisha kufunguliwa, mzazi hujikuta mbele ya viatu vya watoto vilivyojaa tope jeusi la nyanda za Kano, hana fedha za kununua vipya, na hapo ndipo maarifa yanapokuwa na thamani ya kweli.

Atende hivi. Asiliache tope likauke juu ya ngozi, maana tope likikauka hunyonya mafuta na kukwaruza uso. Aliondoe kwa maji baridi safi na kitambaa, bila ya kuloweka. Sabuni ya kufulia aiweke mbali, kwa kuwa ina ukali wa magadi, ilhali ngozi iliyodabaghiwa ina asili ya uchachu, na viwili hivyo havipatani. Kama uchafu ni wa mafuta, povu jepesi la sabuni ya kuogea juu ya kitambaa latosha. Ndani ya kiatu atie karatasi za magazeti yaliyokwisha kusomwa, azibadilishe kila zilowapo, kisha akilaze kiatu ubavu, kivulini, mahali penye kupita upepo, ili wayo nao upate hewa. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, na hakuna hila ya kuifupisha. Madoa meupe ya chumvi ya jasho, pamoja na koga, hufutwa kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kwanza mahali pasipoonekana ili kujua kama rangi itastahimili.

Ngozi ikikaribia kukauka, nayo ingali na ubaridi kidogo mkononi, hapo ndipo saa ya mafuta. Mafuta ya nyonyo ni mema, na wazee wa huku waliyatumia juu ya ngozi muda mrefu kabla ya duka la kwanza kufunguliwa. Shahamu ya kondoo iliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki hufaa zaidi kwa viatu vya shamba, kwa sababu nta huzuia maji. Mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, maana huchacha, hunata na kuita wadudu. Yale ya mgando ya kujipaka mwilini hayaozi, na kwa uchache hayadhuru, ila hukaa juu na kukusanya vumbi. Matone machache juu ya kitambaa, yasuguliwe mpaka yapotee, kisha usiku mzima wa kungoja, na asubuhi ziada yote ifutwe. Na hapa niondoe dhana moja iliyoenea: rangi ya viatu tuipakayo kila asubuhi kwa brashi si chakula cha ngozi. Ni nta na rangi. Huipa ngozi ulinzi na uso wa heshima, lakini ikirundikwa tabaka juu ya tabaka kwa mwaka mzima pasipo kusafishwa huziba vinyweleo, hukauka na kupasuka yenyewe, na watu wakadhani ni ngozi iliyopasuka.

Sasa nije kwenye mshono, ambao kwangu ndio kiini cha maneno haya yote, kwa kuwa viatu na mikoba mingi tunayoitupa haina kosa ila kufumuka. Mshono wa cherehani una nyuzi mbili, moja ya juu na moja ya chini, zinazokamatana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika mahali pamoja, jirani zake hulegea, na mtu akiendelea kuvaa, mshono wote hufunguka kwa siku chache. Mshono wa mkono ni habari nyingine. Uzi ni mmoja, sindano ni mbili, moja kila ncha. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, hii ikitoka kulia na ile ikitoka kushoto, hata upande mmoja wa uzi ukikatika ule mwingine hubaki umeshika. Hivyo ndivyo walivyoshona watu wa matandiko ya farasi kwa karne nyingi, na ndiyo sababu mkoba ulioshonwa kwa mkono waweza kumzika mwenyewe.

Vyombo vyake havizidi thamani ya mlo wa samaki pale ufukweni: msharasi wa kutobolea, sindano mbili zisizo na ncha kali, uzi mnene wa kitani au wa nailoni, na kipande cha nta. Uzi na ukatwe mara nne ya urefu wa mahali panaposhonwa, upitishwe katika nta mpaka uwe mgumu kidogo, kwa sababu nta huuzuia kuoza na huufanya ushike ndani ya tundu. Matundu ya zamani yafuatwe yale yale. Mshonaji mgeni hupenda kuongeza matundu mapya baina ya yale ya kale, akidhani kwamba wingi wa matundu ni wingi wa nguvu, kumbe anaiandaa ngozi ichanike kwa mstari ulionyooka kama stempu za posta. Panapolazimu kutoboa upya, pasipungue milimita 3 kutoka ukingoni, na baina ya tundu na tundu iwe 3 hadi 4. Uvutwe uzi kwa nguvu iliyo sawa, si ya kukata ngozi, na mwisho wa mshono mtu arudi nyuma matundu mawili au matatu kabla ya kukata. Kisha mshono mzima upigwe polepole kwa nyundo ili ulale.

Panapokuwa ngozi yenyewe imechanika, uzi peke yake hautoshi, na wengi hukosea kwa kuvuta kingo mbili zikutane na kuzishona. Kiatu hubana na mshono huchana upya kando yake. Mchaniko wataka kiraka cha ndani. Kwanza toboa tundu dogo la mviringo pale mchaniko ulipoishia, ili usiendelee. Kisha chukua ngozi nyembamba, kama ulimi wa kiatu kilichokufa, au turubai jepesi, ukate kiraka chenye pembe za mviringo kilichozidi mchaniko kwa kidole kila upande, na kingo zake uzichonge kwa wembe mpaka ziwe kama karatasi, zisije zikaumiza mguu. Pande zote mbili zipigwe msasa, zipakwe gundi ya viatu, na ziachwe mpaka gundi iguswe isishike kidole. Hapo zikutanishwe mara moja tu, zigongwe kwa nyundo, na ziachwe hadi kesho yake. Gundi ile kali ya matone, ambayo hushika kwa nukta chache, isikaribie ngozi: hukauka ikawa ngumu, na ngozi ikipindwa huvunjika ubavuni mwa gundi. Mkono wa mkoba uliorefuka kwa uzito huimarishwa kwa namna hiyo hiyo, kwa kufunguliwa na kutiwa utepe wa nailoni katikati, kisha kushonwa tena.

Mintarafu ya viraka, sisi wa Kisumu tuna neema ambayo miji mingi haina. Samaki aitwaye mbuta aliletwa katika ziwa hili miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwa mali. Viwanda vikasimama mjini, minofu ikaruka kwenda Ulaya, na mifupa iliyobaki na vichwa vyake, mgongo wazi kama tuitavyo, vikakaangwa na akina mama wa Obunga na kulisha watu ambao minofu hawakuiweza. Ngozi ilihesabiwa kuwa taka. Leo wako mafundi humu humu Kisumu wanaoichukua ngozi hiyo, wakaidabaghi, wakaitia rangi, na kutengeneza viatu, mikoba na kofia ambazo wageni huzinunua kwa furaha. Ni ngozi nyembamba, nayo ina nguvu kuliko unene wake, kwa vile nyuzi zake hupishana tabaka kwa tabaka. Watu huitazama kama pambo. Mimi naiona kuwa kiraka bora kabisa cha ndani ya kiatu, na vipande vidogo vinavyobaki mezani mwa mafundi hao vingewafaa watengenezaji wa viatu wa masoko ya Kibuye na Jubilee kuliko turubai lolote.

Nalitaja hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu reli ilipofika hapa Desemba ya 1901, mji ungali ukiitwa Port Florence, moja ya bidhaa zilizopakiwa kwenda Mombasa katika miaka iliyofuata ilikuwa ngozi mbichi za ng'ombe wa Nyanza, pamoja na ufuta. Na tangu siku hizo hadi leo tumekuwa watu wa kutoa ngozi ghafi na kununua ngozi iliyokwisha kushonwa. Mtu asiyejua kuitengeneza ngozi hawezi kuikadiria thamani yake, wala kuitambua akiiona. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, penye marundo ya viatu vya mitumba: utaona vijana wakipita juu ya kiatu cha ngozi halisi kilichofumuka mshono mmoja, kazi ya nusu saa, wakaenda kununua kipya king'aacho cha ngozi bandia. Ngozi bandia ya namna hiyo aghalabu ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani, kitu ambacho unyevu na joto hukivunja chenyewe hata kikikaa ndani ya boksi. Katika hewa ya Kisumu huanza kubanduka magamba kabla mwenyewe hajakichoka. Hicho hakina tiba. Hakuna mafuta yapenyayo, hakuna gundi irudishayo magamba, na usimkubali mtu akuuzie dawa yake. Kabla ya kununua, tazama ukingo uliokatwa: ngozi ya kweli huonyesha nyuzi, na ya bandia huonyesha kitambaa.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba nikiwafundisha watu kushona nyumbani nawanyang'anya riziki mafundi wakaao chini ya miavuli kando ya barabara zetu, wenye msharasi mmoja na familia ya kulisha. Nimelipima neno hili kwa makini, maana nawaheshimu watu hao na nisingependa kuwadhuru. Lakini nionavyo mimi, adui wa fundi si jirani ajuaye kukausha kiatu na kurudisha mishono minne. Adui wake ni kiatu kisichotengenezeka. Mteja anayeitunza ngozi yake hurudi kwa fundi kwa kazi kubwa, ya kubadilisha soli, kuweka kisigino, kuwamba upya kiti, kwa miaka kumi; anayevaa bandia humfikia mara moja, akaambiwa haiwezekani, asirudi tena. Na ziko kazi ambazo nyumbani hazifai kujaribiwa kamwe: soli iliyoachana yote, kiatu cha mtoto mwenye mguu unaohitaji msaada wa kitabibu, na ngozi iliyokauka hata inamegeka kwa kucha, ambayo huyo fundi naye atakwambia kwa kweli kwamba imekwisha. Ngozi iliyopasuka kwa ndani haiponi. Hujazwa na kufichwa tu.

Ombi langu ni kwa walimu na kwa wazazi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umejengwa juu ya ahadi kwamba mtoto atajifunza kwa mikono yake. Basi shule za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia zimwalike fundi wa viatu wa sokoni aingie darasani na msharasi wake, afundishe mshono wa sindano mbili kwa viatu vibovu ambavyo watoto wenyewe watavileta kutoka nyumbani, na alipwe kwa siku hiyo kama alipwavyo mwalimu yeyote.